Kaburi Lililokuwa Linachipua

Kila asubuhi, kabla hajawasha jiko wala kusalimiana na mtu, Teodora alizunguka nyuma ya nyumba akiwa ameficha kisu cha kupara samaki kwenye upindo wa khanga, akaenda kupiga magoti kwenye kaburi la mume wake. Waliomwona kwa mbali walisema, jamani, mjane huyu ana upendo, miaka minne na bado anasali. Hakuwa anasali. Alikuwa anapapasa kokoto kwa vidole, taratibu, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Siku nyingine hapakuwa na kitu, akashusha pumzi. Siku nyingine kilikuwepo: kichwa cha chipukizi, cheupe kwa chini, kijani kwenye ncha, kimejikunja kama kidole cha mtoto. Hapo anakata chini kabisa, anarudishia kokoto, anakisokomeza kile kipande kwenye ndoo ya matumbo ya samaki. Halafu ndiyo anarudi mbele ya nyumba na kuanza kusalimia watu.

Mume wake, Paulo, alikuwa mvuvi wa dagaa, wale wanaovua usiku kwa taa za karabai. Siku moja mtumbwi wake ulionekana upande wa Kamanga umepinduka, taa moja bado imefungwa kwenye boya. Paulo hakuonekana. Walimtafuta siku nane. Siku ya tisa kaka yake mkubwa, Mzee Mashimba, akavuka na kivuko kutoka kwao ng'ambo, Sengerema, amebeba mgomba begani.

Katika ukoo wao ndivyo wanavyofanya. Mtu akichukuliwa na ziwa asirudishwe, unaletwa mgomba wenye urefu wake, unavishwa shati lake, unafungwa shuka jipya, unaliliwa, unazikwa pale alipoagia mara ya mwisho. Ukishazikwa, ni mtu. Hakuna anayeuita mgomba tena, maana ukiuita hivyo umemtoa mwenyewe kaburini, akajitafutie pa kulala, na atakayekutana naye ziwani harudi. Mtaa wao, Mawe Matatu, ni mawe matupu kuanzia mlimani mpaka majini, kwa hiyo shimo lilifika magotini tu, jembe likagoma. Watu wa mtaa waliokuwepo walijua kilichozikwa. Wakafunga midomo, na kweli miaka ilivyokwenda Paulo akawa marehemu kama marehemu wengine.

Ila marehemu wengine hawaoti. Hilo alilijua Teodora peke yake.

Siku aliyoona chipukizi la kwanza, alikaa chini palepale juu ya kokoto. Alifikiri mambo mawili na yote yalimtisha. Ama Paulo hakufa, yuko mahali, na ardhi inakataa uongo. Ama amekufa, na anataka kutoka. Hakuwa na mtoto wa kumwambia. Na hata nyumba ile ya vyumba viwili alikuwa anaikalia kwa sababu moja tu. Siku ya kuanua matanga Mzee Mashimba alisema mbele ya wote, "Kaa hapa, shemeji, umlinde ndugu yetu. Mradi yupo, nyumba ni yako." Sasa mlinzi gani anakwenda kusema anayemlinda anatoa majani?

Basi akakata. Na mgomba unajulikana, ukiukata leo umeuambia uote kesho kutwa.

Ndipo ikaja habari ya hoteli.

Kwanza walikuja watu wa kupima, wakapigilia vigingi vyenye utepe mwekundu kutoka barabarani mpaka ufukweni. Halafu Msafiri, dalali wa viwanja aliyekuwa anavua na Paulo zamani kabla hajaupata huo udalali, akapita kwenye majabali wanakoanika dagaa, kofia kaisukuma kisogoni.

"Gorofa nne!" aliwatangazia wanawake. "Na bwawa la kuogelea, linaangalia ziwa."

"Bwawa?" Zakia alinyanyua kichwa. Huyu ndiye alikuwa anaanika kwenye jabali moja na Teodora tangu wote wawili wasichana. "Ziwa lote hilo haliwatoshi, wanataka lingine la kuchota?"

"Mama, mgeni wa hoteli haogi pamoja na dagaa."

"Hata dagaa hawataki kuoga na wewe, Msafiri. Ndiyo maana uliacha kuvua."

Watu walicheka, lakini kucheka hivyo hakukutokea mara nyingi tena. Mtaa ulipasuka. Vijana na wenye nyumba za kupangisha walitaka hoteli, walishajiona wamevaa sare. Wanawake wa dagaa na wale waliozaliwa palepale hawakutaka, maana vigingi vilikuwa vimeyapita majabali yote ya kuanikia. Mama na mwana walikula sahani tofauti. Kwenye jabali la jirani, wanawake wawili waliokuwa wanaazimana mpaka khanga ya kuendea msibani walipanga mstari wa kokoto katikati: huku dagaa wa wanaotaka, huku dagaa wa wasiotaka. Teodora hakuwa upande wowote. Alikuwa anageuza dagaa wake na kuhesabu hatua kutoka kigingi cha mwisho mpaka kwenye kaburi. Zilikuwa kumi na moja.

Tena ikasikika kwamba penye kaburi panalipwa fidia ya peke yake. Na wengine wakasikia kwamba penye makaburi hapajengwi kirahisi. Basi pande zote mbili zikaanza kuzika. Wanaotaka hoteli walizika ili walipwe, wasioitaka walizika ili izuiwe, wote kwa kokoto zilezile na misalaba ya mbao za maboksi. Mtaa uliokuwa na makaburi sita ukawa na kumi na tisa. Msafiri mwenyewe alipata baba mdogo aliyefariki mwaka themanini na saba, ambaye mtaa mzima ulikuwa haujawahi kumsikia.

"Poleni na msiba," Zakia alimwambia. "Mbona udongo bado mbichi?"

"Tulipalilia."

Teodora hakucheka. Alijua mzaha wa namna hiyo hauishi bila mtu kuja na jembe. Na kweli, wiki iliyofuata afisa afya alisimama kwenye kikao cha mtaa, akasema kwa sauti ya upole kabisa kwamba Alhamisi saa tatu makaburi yote yatafukuliwa, moja baada ya jingine, mbele ya polisi. Lenye mabaki ya mtu litahamishwa kwa heshima. Lisilo na mtu, mwenyewe ataondoka na polisi kwa kuidanganya serikali.

Teodora aliondoka kabla kikao hakijafungwa. Aliporudi nyumbani alikuta ufunguo uko mkononi lakini hajui unaingizwaje.

Jumanne Zakia akaja, akakaa kizingitini.

"Mwenzangu, hilo lako ndilo la kweli. Liko kwenye njia ya majini, palepale wanapotaka kuweka geti. Wewe simama imara. Wakisikia mjane hakubali mume wake ahamishwe, watarudi kwenye ramani yao."

"Zakia. Wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo, nikaona mtu anazikwa."

"Zakia, wakifungua..."

"Mtu, Teodora." Zakia alimziba mdomo kwa kiganja kinachonuka dagaa. "Usinitajie kingine. Watoto wangu wanavua humo ziwani."

Kumbe na yeye anaogopa. Hilo ndilo lililomvunja Teodora nguvu, maana alizoea Zakia haogopi kitu.

Zakia hajafika mbali Msafiri akaja, hana kofia.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Kama ni hoteli, pita."

"Siyo hoteli." Aliangalia nyuma yake. "Mimi nililibeba lile shuka. Mimi na Paulo tumebebana tukiwa tumelewa mara ngapi? Naujua uzito wake. Shemeji, ukisema mwenyewe mapema, ni wewe uliyesema. Wakikuta wenyewe, ni pingu."

"Na baba yako mdogo je?"

"Huyo niachie mimi." Hakutabasamu. "Kuna jambo jingine. Jamaa mmoja wa kisiwani Goziba anasema kamwona mtu huko. Anatembea kama Paulo, ule mguu wa kushoto anauburuta vilevile."

"Toka mlangoni kwangu."

"Mimi nimeambiwa tu..."

"Toka!"

Akatoka. Teodora alifunga mlango mchana kweupe, akaegemea mgongo. Kufungwa aliweza kukuelewa, kuna watu wanafungwa na kutoka. Lakini kama Paulo yuko Goziba, basi alichokuwa anakikata miaka minne ni nini? Na kama hayuko Goziba, ni nini?

Jumatano asubuhi alikwenda kaburini na kisu kama kawaida. Chipukizi lilikuwepo. Nene kuliko yote aliyowahi kuona. Mkono ukagoma. Akatoa simu, akampigia Mzee Mashimba.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Tumesikia mambo yenu ya hoteli. Ndugu yetu hajambo?"

"Shemeji, anaota."

Jogoo aliwika kule ng'ambo, akamsikia.

"Anaota nini?"

"Majani. Tangu mwaka ule."

"Na wewe umefanyaje?"

"Nimekata."

"Mara moja?"

"Kila yanapotoka."

"Mama yangu!" Sauti ya mzee ilipanda ikawa kama ya mtoto. "Miaka minne unamkata ndugu yangu? Anachungulia aone njia ya kwao, wewe unamkata kichwa?"

Teodora alitaka kulia, lakini kitu kingine kikatoka, swali alilokuwa nalo muda mrefu bila kujua.

"Shemeji, siku ile ulipoukata, uliondoa kitako? Kile cha chini, chenye mizizi?"

Mzee aliongea polepole.

"Mvua ilikuwa inakuja. Kivuko kilikuwa kinapiga honi. Niliung'oa hivyohivyo." Akakohoa. "Kitako... sikumbuki, shemeji. Wazee walisema kitako kiondolewe. Mimi sikumbuki."

"Sasa nifanyeje?"

"Usikate tena. Kilichokataa kufa hakizikwi." Na simu ikakatika, au aliikata.

Teodora hakulikata. Alhamisi saa tatu, jani la kwanza lilikuwa limeshafunguka, urefu wa kiganja, linametameta katikati ya kokoto kama limepakwa mafuta.

Walianza na kaburi la Msafiri. Vibarua walichimba, wakatoa mchanga, ndoo iliyopasuka na ndala moja. "Baba mdogo alikuwa na mguu mmoja?" mtu aliuliza, na mtaa mzima, wanaotaka na wasiotaka, ukacheka pamoja kwa mara ya kwanza tangu vigingi. Polisi akamwambia Msafiri akae chini. Akakaa, akatazama kidole gumba cha mguu wake. Makaburi yaliyofuata yalikuwa hivyohivyo, na vicheko vikazidi kupungua, mpaka waliokaa chini wakawa wanane.

Halafu wakaja nyuma ya nyumba ya Teodora.

Zakia alikuwa ameshasimama mbele ya kaburi, mikono kiunoni. "Hili halifukuliwi. Kuna mume wa mtu humu."

Lakini watu walikuwa wameliona jani. Wale wa zamani, mmoja mmoja, wakaanza kurudi nyuma. Afisa afya, mtu wa Bukoba kwenye migomba, aliangalia jani lile, akafunga faili lake taratibu. Hakuhitaji kuambiwa jani la mgomba likoje.

"Mama," alimwambia Teodora, "nakuuliza kabla jembe halijagusa. Humu kuna nani?"

Teodora alimwona Zakia anatikisa kichwa, usiseme, usiseme. Alimwona Msafiri kwa mbali, pale chini, naye katoa macho. Akisema Paulo, watachimba, na pingu ni zake. Akisema lile jingine, hana mume kaburini, hana nyumba, na aliye humu anatoka.

"Ni mgomba," alisema.

Mama mmoja alipiga yowe. Zakia alikaa chini kama aliyepigwa ngumi ya tumbo. "Umetuua," alisema. "Teodora, umetuua wote."

"Na mume wako yuko wapi?" afisa aliuliza.

Teodora aliligeukia ziwa. Lilikuwa limetulia kabisa, na hilo lilimtisha kuliko lingekuwa na mawimbi. "Hilo ndilo silijui, baba."

Afisa alinong'ona na polisi muda mrefu. Kisha akasema kwao pia wanafanya hivyo, huyu mama hakudanganya serikali, aandike tu maelezo na kutia sahihi. Teodora hakuwa anasikiliza. Alichukua jembe la kibarua, akachimba mwenyewe. Kina cha magoti. Shuka lilikuwa limebaki nyuzi, shati halikuwepo, vifungo viwili tu. Na chini yake kitako, kikubwa kama kichwa cha mtu, kimejaa makovu meusi ya kisu, na katikati ya makovu cheupe, kibichi, kizima.

Akakitoa na jani lake. Alivua khanga ya juu, akakifunga, akakibeba mgongoni kama anavyobebwa mtoto, jani likachungulia begani kwake. Watu walimpisha mbalimbali, hakuna aliyetaka kuguswa.

"Mama, sahihi!" afisa aliita.

Hakugeuka. Alishuka kwa njia ya majini, akayapita majabali, akapita dagaa wake aliowaanika asubuhi hiyo, akafuata ufukwe kwenda kwenye gati la kivuko cha Kamanga, kile kinachovuka kwenda kwao Paulo. Zakia alimwangalia mpaka khanga ikapotea nyuma ya mawe.

Jioni mawingu yalipokusanyika, Zakia alikwenda akakusanya dagaa wa Teodora kwenye ndoo, akawafunika, akaiweka ndoo mlangoni kwa mwenzake ili akirudi aikute. Iliendelea kukaa pale. Vigingi bado vipo, na mlango bado uko wazi vilevile alivyouacha.