Rafiki wa Staringi

Nyumbani kwetu Meru, kabla sinema ya Kimarekani haijanoga, mama alikuwa ameshamjua atakayekufa. "Huyo rafiki mweusi wa staringi, msimzoee," alituambia huku akichambua maharagwe. Staringi ni mwigizaji mkuu, na siku zote alikuwa mwanamume wa kizungu, hata risasi zilimwogopa. Mwanamke mweusi hakupewa hata nafasi ya kufa vizuri. Alipika, akalia, akapotea. Tulicheka sana, na sikujua kwamba mama alikuwa akiyaamini yale ya sinema kiasi fulani.

Mwaka jana uvimbe wa shingoni ulimkaba hadi kumeza kukawa kazi, nikampeleka hospitali Embu. Daktari wa upasuaji aliyeingia wodini alikuwa mwanamke kijana, mweusi kama sisi, amevaa raba. Mama alimtazama juu chini. Kisha akaacha Kimeru na kusema kwa Kiswahili, makusudi, ili asikike.

"Haka kasichana ndio katanipasua? Mimi nangojea daktari mwenyewe akuje."

"Daktari ni mimi, mama."

Mama akageukia ukuta.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikasirika pia, maana uvimbe ule haukuwa wa kungoja. Daktari alipotoka, nikamwekea mama kwenye simu tamthilia ya Kimarekani yenye daktari mwanamke mweusi, nikidhani nimepata dawa. Mama akatazama, miwani puani. Daktari yule akafokea manesi, akafokea wazungu wazima, akamfokea hata mgonjwa.

"Huyu naye ana shida gani?" mama akauliza. "Hajui kuongea na watu? Zima."

Nikazima. Kumbe siku hizi kwenye sinema wanatuacha hai, lakini lazima tuwe wagomvi.

Mchana daktari wetu akarudi. Hakubembeleza. Alivuta kiti, akamuuliza mama anapenda kufanya nini, akaambiwa anaimba kanisani.

"Basi niimbie kidogo. Mshipa wa sauti unapita hapo hapo karibu na uvimbe. Nataka niijue sauti yako kabla sijafika huko."

Mama akakohoa, akaimba ubeti mmoja. Daktari alisikiliza ameinamisha kichwa, hadi mwisho. Alipoondoka, mama akanigeukia.

"Yule wako wa simu ana kelele. Huyu anaongea kama mtu. Waambie niko tayari."

Kesho yake nilikaa nje ya chumba cha upasuaji nikiwa na hofu mbili: kwamba hatatoka, na kwamba atatoka bila sauti. Alitoka, shingo imefungwa bendeji. Daktari akaja kitandani akamwinamia.

"Mama, sema chochote."

Mama akafumbua macho, akamtazama.

"Daktari," akasema. Sauti ilikwaruza, lakini ilikuwa yake. "Umekunywa chai?"

Nikatoka hadi kwenye korido, nikalia kwa raha zangu.