Santuri Namba Tisa

Kidole hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alilipata ukumbini, enzi ambazo DJ alikuwa na mashine mbili za santuri na masikio yake tu, kwa sababu aliweza kuituliza santuri inayokimbia kwa ncha ya kidole kimoja, mpaka midundo ya nyimbo mbili ikaenda sambamba kama marafiki wanaotembea wakipiga soga. Sasa ana mvi kwenye masharubu, na kwa miaka mingi kazi hiyo amefanyiwa na kitufe. Kontrola yake, kibao cha vitufe kinachochomekwa kwenye kompyuta, inaingia kwenye begi la mgongoni. Majina ya nyimbo yanajipanga yenyewe kwenye kioo. Ukibonyeza, midundo inalingana.

Alipoinunua, mashine za santuri alimwachia shemeji yake, fundi redio, mume wa dada yake mkubwa. Huyo ndiye aliyekuwa mwenzake kazini: kubeba makreti ya santuri, kufunga spika, kusafisha sindano. "Uza upate chochote," Kidole alimwambia, kama mtu anayegawa viatu vilivyomchosha. Kazi ya watu wawili ikawa ya mtu mmoja, na shemeji akarudi kwenye redio zake bila kununa. Santuri zenyewe Kidole alizipandisha darini.

Kisha binti wa dada yake akapata mchumba. Alikuja jioni moja, akakataa hata kukaa.

"Mjomba, zawadi sitaki. Nataka siku ya harusi unipigie ule wimbo wa mama. Nicheze na baba."

"Upi, mama?"

Akauimba bila maneno, kipande kifupi tu, kinapanda halafu kinashuka taratibu kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Kidole akaujua hapohapo.

Dada mwenyewe aliwahi kuuomba. Alikuwa kitandani, ugonjwa umeshammaliza, akasema, "Mdogo wangu, niwekee ule wetu." Kidole alitafuta kwenye kompyuta, haukuwamo. Ulikuwa darini. Akasema, "Nitautafuta, dada," akamwekea mwingine unaofanana nao. Dada akausikiliza mpaka mwisho, akashukuru. Shemeji alikuwa kando ya kitanda akikunja shuka. Siku zikapita, shughuli zikafuatana, dari nayo ikawa juu sana. Mwishowe hakukuwa na wa kutafutiwa.

Safari hii alipanda ngazi usiku uleule. Aliposhusha makreti na kuchomoa santuri ya kwanza, akakaa sakafuni.

Lebo zote zilikuwa zimefunikwa kwa karatasi nyeupe, kila moja ina namba tu. Enzi zile, DJ mpinzani alikuwa anasogea mezani kwa kisingizio cha kukusalimia, huku macho yake yakiwa kwenye lebo inayozunguka. Akishasoma jina, Jumamosi ijayo wimbo wako unapigwa ukumbi wa jirani. Basi kila mtu alificha chake. Wengine walikwangua lebo kwa wembe. Kidole alibandika karatasi kwa gundi ya viatu, akaandika namba, majina akayahifadhi kichwani. Hata shemeji hakuambiwa. Akiambiwa, "Nipe kumi na nne," anatoa kumi na nne. Na sasa kichwani hamkuwa na kitu. Miaka ya kusoma majina kwenye kioo ilikuwa imezifuta namba zote bila kubisha hodi.

Kesho yake aliyapeleka makreti dukani kwa shemeji, akimwomba amsaidie kupata mashine ya kuazima. Shemeji akavuta kitambaa kilichofunika kitu pembeni. Mashine zote mbili zilikuwa pale, hazina hata vumbi.

"Hukuuza?"

"Mteja hakutokea." Akapangusa kifuniko ambacho tayari kilikuwa kisafi. "Haya, ni ipi?"

"Sijui."

"Namba yake?"

"Sikumbuki, shemeji."

Fundi akavua miwani. "Yaani uliwaficha wezi, ukanificha na mimi, ukamalizia kwa kujificha mwenyewe."

"Nicheke tu."

"Sikucheki. Nikianza sitamaliza leo."

"Tubandue karatasi."

"Kwa gundi ya viatu? Itaondoka na lebo yake. Hapo ulifanya kazi nzuri."

Ikabidi wasikilize moja moja, mchana, kati ya mteja na mteja. Siku ya kwanza Kidole aliishusha sindano kwa kishindo.

"Unatua au unaanguka?" shemeji akauliza bila kuinua kichwa kutoka kwenye redio aliyokuwa akiichomelea. Baadaye naye akajaribu kuukumbuka wimbo kwa sauti.

"Shemeji, hilo ni jenereta," Kidole akamwambia.

Waliupata mchana wa mvua, kwenye namba tisa. Gitaa lilianza, sauti ikapanda, kisha ikateremka ile ngazi yake. Shemeji aligeukia rafu akaanza kutafuta bisibisi. Bisibisi ilikuwa mkononi mwake.

"Nikuingizie kwenye kompyuta?" aliuliza wimbo ulipokwisha.

"Nikiuingiza nitabonyeza. Huu nataka niuweke kwa mkono."

Akafanya mazoezi ya kuuunganisha na wimbo utakaoutangulia. Sikio lilikuwa limekuwa vivu. Midundo iligongana kama masufuria yanayoporomoka, na kidole kilekile kilichompa jina kilichelewa kila mara, au kikabonyeza kwa nguvu mpaka santuri ikalia.

"Iweke peke yake," shemeji alimshauri. "Si mashindano."

Jumamosi ya harusi, kiburi hakikumruhusu. Alijaribu kuunganisha, nyimbo zikakanyagana, watu wakageuza shingo kutazama mezani. Akaishusha haraka sauti ya ule wa kwanza, akaiacha namba tisa peke yake. Ukumbi ukatulia. Bibi harusi akaweka kichwa begani kwa baba yake, wakazunguka polepole. Watu walifuta machozi. Kidole alisimama nyuma ya mashine akitazama sindano, na kila mzunguko ulimrudisha kwenye chumba kile, kwa dada aliyesikiliza wimbo ambao hakuuomba, kisha akashukuru.

Watu walipoanza kutawanyika, mpwa wake akaja mezani, viatu mkononi.

"Mjomba, unaitwaje? Simu yangu imeusikiliza, imesema haiujui. Na maneno yenyewe siyaelewi."

Hakuna kati yao aliyeijua lugha ya mwimbaji.

"Jina nitalitafuta, mama," Kidole akasema.

Nyuma yake shemeji alikuwa akikunja kile kitambaa cha mashine. Mikono ikasimama kidogo, kisha ikaendelea kukunja.

Duka la shemeji lilipofunguliwa tena baada ya harusi, Kidole alifika kabla ya wateja. Akaweka birika kwenye jiko la fundi, akaishikilia lebo ya namba tisa juu ya mvuke, akaivuta karatasi kwa ukucha, taratibu, kama anayefungua kidonda. Ikatoka nzima. Jina lilitoka nayo. Katikati ya santuri kulibaki duara la kijivu na herufi mbili ambazo hazikutosha kuanzisha neno lolote.

Akampigia mpwa wake. "Sijui unaitwaje, mama. Jina nililifunika mwenyewe, na sasa limeondoka. Hata mama yako alipouomba, sikuutafuta."

Mpwa akasikika akifunga mlango.

"Baba aliniambia," akasema hatimaye. "Basi nipe hiyohiyo, mjomba. Niwe nayo."

Alipokata simu, shemeji alikuwa anamtazama. "Anaitaka santuri yenyewe," Kidole akamwambia.

"Ataipigia wapi?"

"Apewe na mashine moja."

"Utabaki na moja. Hutachanganya nyimbo tena."

"Kwani Jumamosi nilichanganya?"

Shemeji akacheka, kisha akakohoa ili kuficha kitu kingine. Kidole akaifuta namba tisa kwa kitambaa kikavu, akairudisha kwenye jalada lake. Wakainyanyua mashine, mmoja upande huu, mwingine upande ule, wakatoka nayo nje, ingawa mtu mmoja angetosha.