Barua ya Zuhura Kwenye Kijiti

Chekeni tu jamani, maana hata mimi sasa nacheka, lakini siku ile niliomba ardhi ipasuke inimeze na kilemba changu kichwani. Aibu yote ile niliitengeneza kwa mkono wangu.

Vita vilikuwa vimeisha, njaa bado, na mimi nilikuwa karani wa tajiri mmoja wa vitambaa hapa Songea, naandika kwa herufi za Kiarabu, na mwandiko wangu (sijisifu, ila ukweli lazima usemwe) watu walikuwa wanaupenda. Nikaamua kumwandikia Zuhura, nimuulize kama atanikubali kabla sijapeleka posa kwa baba yake, Mzee Saidi, aliyemfundisha kusoma. Siku tatu nilikaa na kalamu ya mwanzi, naandika, nachana, naanza upya, na kila nikifika kwenye jina lake mkono unatetemeka. Basi mpagazi wa kuipeleka alikuwa na viganja vya jasho, nikahofia wino utaharibika, nikapasua kijiti nikaibana barua humo, kama zinavyobebwa barua za Serikali kutoka bomani. Ilipendeza kweli!

Kesho yake akaja mtu mbio: jumbe wa kijiji cha kina Zuhura kaletewa barua ya Serikali, Mzee Saidi macho hayaoni tena vizuri, na mambo ya Serikali hawampi mwanamke kusoma, kwa hiyo ninaitwa. Nikavaa kanzu safi, nikajifukiza udi (Zuhura si ataniona?), nikatembea nusu siku nimevimba kichwa.

Nikakuta kijiji kizima kimekaa juani. Wengine walishafunga mizigo wakimbilie porini, maana walijua Wadachi wa Serikali wanataka tena watu wa upagazi.

"Shikamoo, jumbe."

"Marahaba, karani. Soma, usiruke hata neno."

Kile kijiti nilikitambua kabla sijafungua: ni changu, waliomwona mpagazi nacho walidhani katumwa na boma, wakampeleka kwa jumbe.

"Serikali inawasalimu," nikaanza, jasho linanitoka.

"Inataka wanaume wangapi?" jumbe akauliza, na bibi mmoja pale mbele akamkumbatia mwanawe, wa pekee aliyebakizwa na vita. Hapo uongo ukanishinda.

"Jumbe, si ya Serikali. Ni yangu mimi."

Nani aamini? Wakadhani nawaficha msiba, wakapiga kelele nisome. Nikasoma: "Zuhura, tangu siku uliponipa maji kisimani, maji mengine yote nayaona ya chumvi."

Kisha yule bibi akasema, "Kumbe mapenzi tu!" akaanza kucheka huku analia, na kijiji kizima kikamfuata, vigelegele, watu wanafungua mizigo yao, hata jumbe anafuta machozi. Mzee Saidi peke yake hakucheka. "Na mimi baba mtu," akasema, "umeniandika mstari wa ngapi?"

Zuhura akatoka kwa wanawake wenzake, akaichukua barua mkononi mwangu, akaingia ndani. Nikarudi mjini najua nimemkosa.

Siku ya nne yule mpagazi akaja, akavua kitu shingoni mwake akanipa, nikadhani hirizi. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa ndogo kabisa: "Maneno yako wameyasikia wote. Mkono ulivyotetemeka kwenye jina langu nimeuona mimi peke yangu. Baba amekwisha kucheka. Lete mshenga."

Nilikaa chini palepale dukani, nikaisoma tena na tena. Na tangu siku hiyo, wallahi, sijapasua kijiti tena, hata cha kubanikia nyama.