Mwanaume wa Thika

Wivu wa Gachanja ulianzia kwenye kamba ya nguo.

Alikuwa mchoma nyama pale Kamakis, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache. Tangu aoe alikuwa na hofu moja tu: kwamba ipo siku Nyawira atachoka kulala na mwanaume anayenuka moshi. Hata akioga mara mbili bado alijinusa. Basi mkewe alipoanza kupanda paani kila alasiri na karai la nguo, Gachanja alianza kumchunguza. Nyumba ya watu watatu haichafui nguo kila siku. Siku moja ya mapumziko alitia mkono ndani ya karai. Nguo zilikuwa kavu, tena zimekunjwa.

Moyo ukamchomeka kuliko mbavu za mbuzi.

Alimfuata polepole. Ploti yao ya nyumba za kupanga huko Mugutha ilikuwa na paa la kuanikia, kamba hapa na kamba pale, na wanawake wawili walikuwa wakikamua mablanketi. Nyawira alikuwa amejificha nyuma ya shuka, simu sikioni, akisema kwa sauti ya chini, "Lakini mliniahidi. Jina langu lisitajwe popote. Hata bwanangu hajui."

"Hajui nini?" Gachanja alinguruma, akalipasua lile shuka kwa kulivuta. "Mama Waruguru, ni nani huyo? Kila siku uko huku juu na simu! Unamwambia nini huyo mtu wako?"

Wale wanawake waliacha kukamua. Chini, kwenye uwanja uliozungushiwa mabati nyuma ya ploti, mtu mmoja aliinua kichwa. Ni Macharia, jirani yao wa ghorofa ya kwanza, muuza vipuri vya pikipiki na mwenyekiti wa chama cha wapangaji. Kukiwa na msiba, Macharia ndiye wa kwanza kutoa mchango.

Nyawira alimshika mumewe shati, akamburuta ngazi zote mpaka nyumbani, akafunga mlango.

"Umeniua," alisema. "Baba Waruguru, umeniua leo."

Kisha akamweleza. Kulikuwa na laini ya kuripoti wahalifu. Hutoi jina, unapewa nambari, na watu wakishikwa unatumiwa zawadi kwa hiyo nambari. Kutoka paani alikuwa ameona pikipiki zikiingia kwenye uwanja wa Macharia zikiwa nzima, zikitoka vipande vipande ndani ya magunia. "Na ya Mulei niliiona," alisema. "Nilijua kile kiti chake."

Mulei, mwendesha bodaboda, ndiye aliyemkimbiza Nyawira hospitali uchungu wa kumzaa Waruguru ulipomshika. Vijana walimpiga na chuma, wakachukua pikipiki yake, na tangu siku hiyo mkono wake wa kushoto haushiki hata kikombe. Mtaa mzima ulijua vipuri vya bei ya kutupa hutoka wapi. Watu walikunja mikono, wakasema serikali ifanye kazi yake, kisha wakaenda kwa Macharia kununua taa na matairi. Mwanamke mmoja tu, kati ya familia zote zile, ndiye aliyeona kwamba mkono wa Mulei una thamani kuliko taa ya bei rahisi.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeenda kumpiga."

Ni kweli, angeenda. Lakini hata hapo, badala ya kumwonea fahari, Gachanja alishikwa na wivu upya. Kumbe kuna mtu huko kwenye simu, asiyejulikana sura wala ukoo, anayeambiwa mambo ambayo yeye haambiwi.

Mlango ukagongwa. "Hodi, Baba Waruguru."

Macharia aliingia akitabasamu. Macho yake yalipita kwa Nyawira, yakaenda kwenye simu iliyokuwa mezani.

"Pole mzee. Nimesikia kelele nikasema kama chairman nikuje. Hao wamama wa juu wananiambia Mama Waruguru alikuwa anaongea na mtu. Eti hataki jina itajwe." Akavuta pumzi. "Ni mtu gani huyo?"

Nyawira hakupepesa jicho. Gachanja aliuona mshipa wa shingo yake ukipiga, akaelewa kwamba maisha ya mama wa mtoto wake yako juu ya ulimi wake yeye.

"Ni mwanaume," Gachanja alisema. "Bibi yangu ako na mwanaume. Mtu wa Thika, anauza viatu."

"Aii! Na anamwambianga nini?"

"Macharia, unataka nikusomee maneno ya bibi yangu na mwanaume mwingine? Utasikia poa?" Sauti ilimkatika. Machozi yalimtoka, na yalikuwa machozi ya kweli, kwa sababu aliyabeba tangu karai la kwanza. Mtu asiye na wivu hangeweza kulia vile.

Macharia alimpigapiga bega. "Wanawake ni hao hao, buda. Jikaze." Akatoka akipiga mluzi.

Wiki iliyofuata polisi walivunja lango la mabati. Macharia alibebwa na magunia yake. Zawadi ilipokuja, Nyawira alimpelekea Mulei yote, akamwambia ni mchango wa watu wa kanisa. Lakini Macharia alirudi kwa dhamana, mwembamba na mwenye maswali, akizunguka mlango kwa mlango akitafuta aliyemchoma kwa polisi. Mlango wa Gachanja aliupita. Mlango huo ulikuwa na aibu yake tayari.

Habari zilifika mpaka Kamakis, na wateja wakamcheka. "Gachanja, kata ubavu vizuri, usifikirie Thika!" Alikata nyama, moyo ukimwungua.

Mwishowe dada yake Beth alikuja kutoka Gatundu na wajomba wawili kuamua mambo ya ndoa. Macharia alikuwa kwenye ngazi, akajifanya anarekebisha balbu ili asikilize. Nyawira akapiga magoti mbele ya wageni na kuomba msamaha.

"Alikufanyia nini huyo mtu?" Beth aliuliza. "Ndugu yangu amekunyima nini?"

"Si pesa, tata," Nyawira alimwambia huyo shangazi wa Waruguru. "Ni mrefu kiasi, ana koti la kahawia. Lakini si koti. Nikiongea, ananisikiliza. Hanikatizi, hapigi kelele kabla nimalize."

Wajomba walitikisa vichwa, wakamtoza Nyawira faini ya mbuzi. Gachanja aliketi akiwa amekaza taya. Alijua hakuna mtu wa Thika, hakuna koti, hakuna viatu. Bado angempata huyo mtu, angemvunja meno.

Wageni walipoondoka na ngazi kuwa tupu, alisimama mlangoni. "Huyo mtu," alisema, "anakusikiliza namna gani?"

Nyawira alikuwa akikusanya vikombe. Akaviweka mezani.

"Kwanza," alisema, "anaketi chini."

Gachanja akavuta stuli, akaketi, hasira ikiwa bado imemjaa.