Ngoma za Kulia

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaa mezani tangu asubuhi nikisubiri kupewa la kufanya. Afisa Utamaduni wa Mkoa alitoka chumbani kwake, akanitazama, akauliza, "Bi Nanjala, utamaduni umeahidi kukutembelea hapo ulipo?"

Nikasema hapana.

"Basi nenda wewe kwake."

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, Kakamega ikiwa makao makuu ya mkoa, nami nikiwa afisa msaidizi ambaye hata hajathibitishwa kazini. Nikaenda. Siku hizi mtu hufungua simu akaona wasanii wote wa mji kabla chai haijapoa. Sisi tuliwatafuta kwa miguu. Nyuma ya soko palikuwa na mchoraji wa mabango aliyechora kuku wa hoteli hadi ukamtamani. Karibu na stendi ya mabasi alikaa mpiga shiriri, ile fidla ya uzi mmoja, ambaye alimwimba kila mpita njia kwa jina, na asiyemjua alimbunia. Makanisani kwaya zilifanya mazoezi huku zikichunguliana. Kwetu Butali wafanyakazi wa kiwanda cha sukari walikuwa na kwaya yao, na wakata miwa nao wakawa na ngoma yao ili wasionekane wadogo.

Tukishajua nani yuko wapi, tulifanya mchujo, yaani kuwasikiliza wote na kuchagua watakaopanda jukwaani siku ya tamasha la mkoa. Ukichagua vibaya ulipata maadui. Ukichagua vizuri ulipata maadui wengine.

Mkubwa wangu alikuwa mtu wa Rabai, kule Pwani, mrefu, mwenye suti za kaunda zilizopigwa pasi vikali. Kiswahili alikilinda kama mali ya urithi. Mpiga chapa wetu akimwambia "kalatasi imekwisha," alijifanya hajasikia mpaka mama wa watu aseme karatasi. Kwa siri tulimwita Bwana Ufasaha. Sikumpenda mwaka ule wa kwanza, na sidhani alihitaji nimpende.

Kikundi bora katika mchujo wa mwaka ule kilikuwa cha isukuti, kikiongozwa na Mzee Muhati kutoka Isukha. Kwa msiojua, isukuti hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, ambazo wenyewe huziita kama watu wa nyumba moja. Ile ndogo huwambwa ngozi ya kenge. Kabla ya kupiga, ngozi hupashwa juani au karibu na moto ikaze, maana iliyolegea husema uongo. Mzee Muhati na wenzake walipiga harusini na kwenye mapigano ya fahali, lakini zaidi ya yote walipiga msibani. Mdundo wa msiba ni mwingine kabisa. Mtu wa kule akiusikia akiwa shambani huweka jembe chini na kuuliza, nani?

Siku ya tamasha, Bwana Ufasaha alikwenda mwenyewe kuwapa wapigaji maagizo. Mimi nilikuwa ng'ambo ya uwanja nikibishana na fundi wa vipaza sauti, kwa hiyo maneno yao niliyajua baadaye. Alisema, "Mzee, mgeni wetu akitia mguu tu langoni, nataka ngoma zianze kulia."

"Za kulia?" Mzee akauliza.

"Naam, za kulia. Zilie hasa! Zilie mpaka watu wasimame."

Mgeni mkuu kutoka Nairobi akaingia, na ngoma zikapiga msiba.

Watu walisimama kweli. Kina mama waliokaa nyasini waliweka mikono kichwani, na mmoja akaanza kuomboleza kabla hajajua anamlilia nani. Chifu, mwenyeji wa hapo, alivua kofia yake ya serikali akaishika kifuani, kisha akakumbuka yuko wapi akairudisha haraka. Mgeni mkuu hakuelewa lolote. Alifurahi, akapunga usinga, akacheza kwa mabega toka langoni hadi kitini, uwanja mzima ukimtazama mtu akicheza kwenye matanga yake mwenyewe. Bwana Ufasaha alikuwa akipiga makofi.

Jumatatu Chifu alikuwa ofisini kwetu mapema, na Mzee Muhati alikuwa ameitwa.

"Mmemzika mgeni wa serikali akiwa hai!" Chifu alifoka. Alitaka kikundi kinyang'anywe kibali na ngoma ziletwe zifungiwe ofisini kwake. Enzi zile hukukusanya watu bila kibali. Maana yake ni kwamba Mzee Muhati asingepiga tena hata jirani yake akifa, na kule mkubwa wa boma kuzikwa bila isukuti ni aibu inayobaki nyumbani. Mzee alikaa ukingoni mwa kiti, kofia magotini.

Mkubwa wangu alimgeukia. "Mzee, kwa nini mlipiga ya msiba?"

"Si wewe ulisema, bwana mkubwa? Ulisema za kuria. Mimi nikauliza mara ya pili. Ukasema zirie kabisa. Sisi tukaulizana, nani amekufa? Lakini serikali ikisema ulie, unalianga tu."

Bwana Ufasaha alinitazama. Nikamweleza kwamba kwetu ngoma hupigwa, hailii. Anayelia ni mtu.

Alivua miwani, akaifuta. Nilidhani atatafuta wa kumtupia lawama, na aliye karibu nilikuwa mimi. Akasema, "Bwana Chifu, huyu alipewa amri akaitii. Amri ilikuwa yangu. Ukimshtaki mtu kwa Mkuu wa Wilaya, taja jina langu. Ngoma zake zitabaki kwake."

Miezi michache baadaye alipata barua ya uhamisho. Sitasema ni kwa sababu hiyo, maana sikuambiwa. Kikundi kilikuja kumuaga bila kualikwa.

"Mzee," akasema, "nipigieni ile ya kulia. Leo naijua maana yake."

"Hapana, bwana mkubwa. Hiyo hatupigiangi mtu anatembea na miguu yake. Ile siku tulikosea, hatuwezi kosea tena. Wewe enda. Siku yako ikifika, tutapiga."

Tulicheka. Yeye hakucheka. "Ni ahadi?"

"Ni ahadi."

Nilithibitishwa kazini, nikapelekwa upande wa Lugari, ambako nilisikiliza kwaya za wakulima wa mahindi wa Mautuma chini ya wakubwa watatu, wawili wema na mmoja wa kusinzia. Nilirudi Kakamega nikiwa na mvi, nikastaafu, nikajenga vyumba vya wanafunzi hapa Shirere. Kazi ile haikunitajirisha, na sioni sababu ya kuijutia.

Mwaka jana mpiga chapa wetu wa zamani alinipigia simu. Bwana Ufasaha alikuwa amekufa kwao Rabai na alikwisha zikwa. Nikampelekea Mzee Muhati habari, nikidhani nampa habari tu.

Jumamosi nilisikia watu langoni. Mzee alikuwa na mkongojo, na nyuma yake wanawe walibeba ngoma tatu, zimekwisha pashwa.

"Kwao ni mbali," akasema. "Na hatujui kule wanazikanga aje. Lakini tuliahidi, na wewe ndio mtu wake uko hapa."

Wapangaji walikuwa wakichungulia madirishani. Mzee alivua kofia. "Mama, tuanze?"

Niliweka mikono kichwani.

"Zilie, Mzee," nikamwambia. "Zilie hasa."