Mwezi Nilioutangaza Bila Kuuona

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba mwezi ukishazaliwa, umeshaonekana. Mambo ya mwezi nilijifundisha mwenyewe, kwa simu, katika chumba cha kupanga nyuma ya msikiti hapa Kitale. Nilijua kwa nini hutuonyesha uso uleule kila mara, na kwamba madoa yake ni tambarare za mawe meusi, si mwanamke aliyebeba kuni kama nyanya alivyonisimulia nikiwa mdogo. Nilipenda kuwa sahihi. Bado napenda.

Nyanya aliishi Bungoma. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, kwa hiyo kila mwisho wa Ramadhani mimi ndiye niliyemtazamia mwezi. Nikiuona, nampigia simu, naye anajua kesho ni Idi.

Jioni ya ishirini na tisa, mwaka ule, tulisimama nje ya msikiti tukitazama magharibi. Mawingu yalikuwa yamefunika Mlima Elgon wote. Simu yangu ilisema mwezi umezaliwa alasiri hiyo. Wenzangu walikuwa bado wanatazama nilipojitenga kando nikapiga.

"Umeandama, baba?"

"Umeandama, nyanya."

Ulikuwa na umri wa saa chache tu. Mwezi mchanga hivyo uko karibu mno na jua, hakuna jicho linaloweza kuuona. Hilo nililisoma baada ya kutangazwa kwamba kesho tunaendelea kufunga. Nilimpigia tena, alikuwa ameshazima simu. Asubuhi sikujaribu. Nilijiambia kwamba mtu atamwambia.

Aliyemwambia ni jirani yake. Alimkuta amejitanda leso mpya, anakunywa chai na mandazi, akamcheka: "Kwani nyanya, wewe una Idi yako peke yako?"

Nyanya akaweka kikombe chini, akanipigia.

"Uliuona kwa macho yako?"

Nilikuwa nimekaa kitandani. Ukweli ulikuwa neno moja.

"Niliuona, nyanya. Juu ya mlima. Mwembamba sana."

Akamgeukia jirani, nikamsikia akimwambia kwamba mjukuu wake haongopi. Kisha nikasikia akivuta chai.

Baadaye mama alimshauri ailipe siku ile, ili tu awe na amani. Alikataa. Alisema kuilipa ni kuniita mimi mwongo. Akafariki kabla ya Ramadhani nyingine, na siku yake moja imebaki hivyo, kwa sababu yangu.

Nilimwendea imamu nikamweleza yote, hata ule uongo wa pili. Hakunigombeza. Alisema jamaa anaweza kumfungia marehemu. Nilifunga Jumatatu moja bila kumwambia mtu, nikafungua kwa maji, nikangoja kujisikia mwepesi. Sikujisikia. Mpaka leo mwezi mwandamo ukitokea juu ya Elgon, nasikia pumzi yake kwenye simu, kabla hajauliza. Mara mbili nimejikuta nimeshika simu sikioni, na haikuwa imeita.

Sasa ni mama anayeniuliza kila mwisho wa Ramadhani. Mwaka huu kulikuwa na mawingu tena, na hesabu nilikuwa nazo zote mkononi. Nilimwambia sijauona.