Siku Mama Alipoingia Kanisa la Mawe

Wiki iliyopita jirani yetu alianza kupiga lipu ukuta wake, na harufu ya saruji mbichi ikaingia jikoni kwangu kwa dirisha la nyuma. Nilikuwa nakata vitunguu. Nikaweka kisu chini, nikasimama nikinusa kama paka. Harufu ile ya baridi, inayokwaruza puani kidogo, ndiyo baba aliyokuwa akirudi nayo nyumbani mwaka 2016, nilipokuwa na miaka tisa na tukiishi Bertrams, hapa Johannesburg. Ilikaa kwenye koti lake, kwenye nywele zake, hata kwenye mkate aliotununulia njiani.

Baba alikuwa mlinzi. Mwaka ule alipewa lindo kwenye kanisa kuu moja la zamani, la mawe, lililokuwa likijengwa upya. Mnielewe ninaposema la mawe: si kanisa la matofali lenye msalaba juu. Lilikuwa refu na jembamba, madirisha yake yamechongoka juu kama viganja viwili vilivyokutana kuomba. Tetemeko la ardhi lilikuwa limelitikisa, mnara ukapasuka na upande mmoja wa paa ukaanguka ndani. Bahati nzuri hapakuwa na mtu. Wenyeji walisema ni migodi, kwamba watu wamechimba dhahabu chini ya jiji hili mpaka limebaki tupu kama jino bovu. Baba hakujali sababu. Alijali mawe. Alipofika nyumbani asubuhi, kabla hata ya kuvua viatu, alitueleza jinsi kila jiwe lililoanguka lilivyopigwa namba ya rangi na kulazwa kwenye majani, na jinsi mafundi walivyokuwa wakiliinua na kulirudisha palepale lilipotoka. Ungedhani analijenga yeye.

Mama alikuwa akimsikiliza amesimama. Mama alikuwa mtu wa kusimama. Alishona mapazia na sare za shule kwenye karakana moja kule Jeppestown, na nadhani mbele ya cherehani ndipo mahali pekee alipokaa kitako akatulia. Nyumbani alizunguka. Viatu vyetu vyote vililala mlangoni, ncha zikielekea nje. Katikati ya meza palikuwa na glasi ya maji ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuinywa. Mama aliitupia jicho kila alipopita, kuona kama maji yanacheza. Siku za mechi, mashabiki kwenye uwanja wa Ellis Park walipopiga kelele, vioo vya madirisha vilitetemeka, na mama alinishika mkono tukatoka kando ya barabara, yeye na mwiko wake wenye ugali. Mwenye spaza, kiduka cha mtaani, pale kwenye kona alikuwa akitania kwamba hahitaji redio, yeye huhesabu mabao kwa safari za mama Neema. Mimi ndiye Neema. Sikucheka. Mtoto wa miaka tisa anaona aibu ya mama yake kama jeraha lake mwenyewe.

Nilijua sababu kwa juujuu. Tulitoka Bukavu, mashariki mwa Kongo, na nikiwa bado wa kubebwa tetemeko lilipiga huko siku ya Jumapili, watu wakiwa kanisani. Mama yake mama alikufa siku hiyo. Basi, hayo tu. Nyumbani kwetu jambo hilo lilikuwa kama sufuria ya moto: kila mtu alijua lilipo, hakuna aliyeligusa. Tuliishi na yale tetemeko lile lililoyaacha. Tulisali kwenye gereji ya kukodi kule Jeppestown, chini ya mabati, tukibanwa na harufu ya oili, kwa sababu mama aliapa kwamba hataingia tena chini ya mawe. Alikuwa na msemo wake: "Bati ikikuangukia, unaamuka. Jiwe haiamushe mutu."

Sasa fikirini baba alivyorudi jioni moja, uso umeng'aa, akasema, "Kanisa imeisha. Jumapili kutakuwa misa ya kushukuru. Balitualika siye bote tulitumika pale, bamama na batoto pia."

Mama alikuwa akikunja kitambaa. Akakikunja tena kilichokwisha kukunjwa. "Utaenda na mutoto," alisema. "Miye nitabaki."

Baba hakubishana. Alikula, akanawa mikono, kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea, "Nilisimama pale kwa baridi ile yote. Hakuna mutu mwenye kujua jina yangu mule. Nilitaka tu wewe uone."

Usiku ule walizungumza nyuma ya pazia lililogawa chumba chetu. Sikusikia neno, nilisikia miguu ya mama tu, ikienda na kurudi. Jumapili asubuhi nilimkuta amevaa kitenge chake cha bluu, amekwisha kunipigia pasi gauni, na hajagusa chai.

Tulikwenda kwa miguu. Kwenye kila roboti, taa za barabarani kama zinavyoitwa hapa, mama alisimama hata taa ilipokuwa ya kijani, na baba akasimama naye, akijifanya anatazama magari. Tulipofika mlangoni kulikuwa na umati, watu wa nguo nzuri na lugha nyingi, na mnara juu yetu umesuguliwa mpaka ukawa na rangi ya asali. Mawe mapya yalikuwa meupe kidogo kuliko ya zamani, kama meno ya mtoto yanayoota kati ya mengine. Baba aliitwa akakae mbele na wenzake. Mama alichagua benchi la mwisho kabisa, akanikalisha upande wa ukutani, yeye akakaa kwenye ukingo, nusu ya mwili wake nje.

Kati yetu alikuja kujisogeza bibi mmoja mwenyeji, gogo kama wanavyoitwa hapa, mwenye sweta la kijani na fimbo. Alikuwa mzito, alipumua kwa shida. Aliisimamisha fimbo yake kwenye benchi la mbele yetu, akatusalimu kwa Kizulu, akanipa peremende ya mnanaa iliyokaa siku nyingi kwenye mkoba. Mimi nilimjibu kwa Kizulu kizuri. Cha mama kilikuwa kibovu, cha kununulia nyanya.

Niwaambie ukweli, mimi nilisahau kuogopa. Nilikuwa nimezoea gereji. Jua lilipita kwenye vioo vya rangi likamwaga wekundu na buluu juu ya vichwa vya watu, nikamwona mzee mwenye upara wa zambarau. Nguzo zilipanda, zikapanda, zikaachana huko juu kama matawi. Nilimgeukia mama nimwonyeshe. Hakuwa akitazama nguzo. Alikuwa akitazama maungio, pale jiwe linapokutana na jiwe, moja baada ya jingine, midomo ikicheza.

Kisha kinanda kikaanza. Si kinanda cha gerejini kwetu cha kuchomeka kwenye umeme. Hiki kilikuwa cha mabomba, kimejaza ukuta mzima wa nyuma juu ya vichwa vyetu, na kilikuwa hakijapigwa tangu paa lianguke. Sauti yake ya kwanza ilikuwa nzito kiasi kwamba haikuja masikioni. Ilikuja miguuni. Benchi likatetemeka, na mbao za sakafu chini ya viatu vyangu zikanguruma.

Mama aliruka. Nilinyoosha mkono wangu, kwa sababu siku zote mkono wangu ndio aliokuwa akiushika. Hakuushika. Alimwinamia yule bibi, akapitisha mikono chini ya makwapa yake na kumwinua kama gunia. "Simama, koko," alisema. "Simama, tunatoka." Bibi akapiga ukelele mdogo wa mshangao. Mama hakumwachia. Alimkokota mpaka kwenye njia, akamtoa mlangoni kinyumenyume, fimbo ikianguka nyuma yao, watu wakigeuka, mtu mmoja akicheka.

Mimi nilibaki. Nilibaki kwenye benchi na mkono wangu hewani. Nilifikiri anakosea kusema gogo, nikamwonea aibu hata kwa hilo. Lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kibaya zaidi, nilichokibeba miaka mingi: mama alidhani kanisa linaanguka, akachagua, na hakunichagua mimi.

Nilimwona baba akiinuka kule mbele, kati ya wenzake. Alitembea njia yote ile ndefu, kanisa zima likimtazama, yeye aliyesema hakuna anayemjua. Nilidhani amekasirika. Alinibeba, mkubwa nilivyokuwa, akatoka nami.

Nje, mama na bibi walikuwa wameketi kwenye ngazi. Mama alikuwa bado akiutazama mnara. Bibi alikuwa amemshika kiganja anakipigapiga, akimwambia kwa Kizulu maneno ambayo mama hakuyaelewa, mimi niliyaelewa: kwamba ni kinanda tu, mwanangu, na kwamba hata hivyo mle ndani hewa ilikuwa kidogo, amefanya vyema kumtoa. Baba alikaa upande wa pili. Misa yote iliyobaki tuliisikiliza pale, sisi wanne, kupitia mlango ulioachwa wazi.

Watu walipokwisha kutoka na kutawanyika, bibi alipapasa pembeni yake. "Fimbo yangu," alisema. Nilikuwa tayari kukimbia kuifuata, lakini mama aliniwekea mkono begani. "Nitaenda miye."

Alivua viatu vyake. Sijui kwa nini. Akaingia peku. Kutoka mlangoni nilimwona akitembea polepole chini ya nguzo zile, kanisa tupu, akainama akaiokota fimbo chini ya benchi. Kisha hakurudi. Alisimama pale akiwa ameinua uso, fimbo kifuani, muda mrefu kiasi kwamba baba alianza kuinuka, halafu akakaa tena. Mama alipotoka alimkabidhi bibi fimbo yake kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, kama tunavyowapa wakubwa vitu kwetu. Akamwambia baba, "Ni nzuri. Umeilinda vizuri." Baba aligeuza uso upande wa barabara.

Msidhani alipona. Wiki iliyofuata tulirudi gerejini, na mechi iliyofuata tulikuwa kando ya barabara kama kawaida. Mimi nilinyamaza na donge langu. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita nilipomuuliza baba, kwa hasira, tukigombana juu ya jambo jingine kabisa, kwa nini siku ile mama aliniacha.

Baba alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. Ndipo akaniambia kilichotokea Bukavu. Mama alikuwa kanisani na mama yake, mimi nikiwa nimefungwa mgongoni. Ukuta wa kwanza ulipoanguka, alikimbia, akafika nje. Mama yake alikuwa na miguu mibovu, hakuweza. Mama aligeuka amrudie, watu wakamshika pale mlangoni, wakamzuia kwa sababu yangu, kwa kuwa alikuwa na mtoto. Alisikia akiitwa kutoka ndani. Kisha akaacha kuitwa.

"Mama yako alikuwa anamwita mama yake koko," baba alisema, "tangu ulizaliwa. Kwetu batoto banaita bibi yao vile. Alitaka uzoee ile neno."

Nilikwenda kumtafuta mama. Nilimkuta kwenye cherehani, pini mdomoni, nikamshikia kitambaa upande wa pili kisiburute sakafuni wakati akishona. Miaka yote ile nilijihesabu kuwa mtoto aliyesahauliwa ndani. Kumbe mimi nilikuwa nimekwisha kutolewa, zamani sana, mgongoni kwake. Aliyekuwa amebaki ndani ni mwingine.